Nimeondoa kapsuli, utando umeongezeka: sukari za juu ya bakteria na ishara zinazoziamuru

Swali lililonifikia ni hili: "Nasoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia. Nina E. coli aliyepatikana kwenye mkojo wa mgonjwa, mwenye kapsuli ya K1, yaani koti la sukari linaloizunguka seli. Nilisoma kwamba sukari zilizo nje ya seli ndizo gundi ya biofilamu, ule utando wa bakteria walioshikana juu ya uso, kwa hiyo niliondoa jeni za kapsuli nikitarajia utando upungue. Kwenye sahani ya vishimo 96, rangi ya kupimia utando imeongezeka karibu maradufu. Msimamizi wangu anashuku nimechanganya sampuli. Je, sukari inaweza kuuzuia utando badala ya kuujenga? Ishara za seli zinaingia wapi hapo? Na je, tunaweza kuzitumia sukari hizi kuondoa utando kwenye mipira ya mkojo?"

Inawezekana kabisa. Kwa kapsuli ya K1 hasa, ningeshangaa zaidi kama ungeona kinyume chake. Rudia jaribio kwa kuwa kila jaribio hurudiwa, lakini tokeo hili usilitupe.

Mwaka 2006 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walichukua mchuzi walimokuwa wameoteshea E. coli wa njia ya mkojo, wakauchuja bakteria wote wakatoka, kisha wakautia kwa bakteria wengine. Bakteria hao hawakufa, na ukuaji wao haukuzuiwa. Walichoshindwa ni kujenga utando. Kilichowazuia kilikuwa sukari ya kapsuli ya kundi la pili, kundi ambalo K1 yako imo, iliyobanduka kwenye seli na kubaki ikielea. Ilizuia hata spishi za mbali kama Staphylococcus aureus, kwa kubadilisha hali ya uso wa seli na wa plastiki hadi kugusana kukawa hafifu. Kwa hiyo seli zako za asili, zile zenye kapsuli, huenda hazikuwa zimevaa tu koti linaloteleza. Huenda zilikuwa zinaharibu mshiko ndani ya kishimo kizima. Hilo unaweza kulipima kwa siku mbili: chuja mchuzi wa seli za asili, umtilie mutanti wako (yule uliyemfuta jeni) tangu mwanzo, uone kama rangi inashuka.

Tatizo ni kuziweka sukari zote za nje kwenye kapu moja. Juu ya E. coli kuna lipopolisakaraidi, iliyopandwa kwenye kiwambo cha nje, ile ngozi ya nje ya seli, na kuning'iniza mnyororo wa sukari uitwao antijeni O. Kuna kapsuli, ambayo kwa K1 ni mnyororo mrefu wa asidi ya siali (aina ya sukari), wenye chaji hasi kila hatua. Halafu kuna sukari zinazotemwa nje hasa kwa kazi ya kushikana: selulosi, na ile ambayo watu wa fani huita PNAG, mnyororo wa asetili-glukosamini. Hizi za mwisho ndizo zinazostahili kuitwa gundi. Kapsuli kazi yake ya kwanza ni kinga. Inamficha bakteria asitambuliwe na mfumo wa kinga wa mwili, na kwa K1 inafanya hivyo vizuri sana kwa sababu mnyororo wake unafanana na sukari zilizo juu ya baadhi ya seli zetu wenyewe.

Kinga hiyo ina gharama yake. Protini nyingi za kunasia ni fupi. Ile inayoitwa antijeni 43, ambayo huzifanya seli za E. coli zinasane zenyewe kwa zenyewe, inatokeza nje ya kiwambo kidogo tu, nanomita kama 10 hivi. Koti la sukari likiwa nene kuliko hapo, protini hiyo ipo lakini haigusi kitu. Ukiliondoa koti, protini inajitokeza, seli zinaanza kushikana. Fimbria za aina ya kwanza, nyuzi za kunasia, ni ndefu zaidi na zinaweza kupenya, ndiyo maana bakteria mwenye kapsuli bado anaweza kunasa kwenye seli za kibofu. Isitoshe kuna suala la chaji. Nyuso nyingi zikiwa majini huwa na chaji hasi. Seli iliyojaa asidi ya siali nayo ni hasi, kwa hiyo zinasukumana.

Ukubwa wa athari ya chaji hiyo unaonekana vizuri zaidi kwa Staphylococcus kuliko kwa E. coli. S. aureus ana asidi ya teikoi kwenye ukuta wake, na kwa kawaida huibandika D-alanini, asidi amino ambayo inapunguza uhasi wake. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba akinyimwa uwezo wa kubandika alanini hiyo, bakteria huyu anashindwa kushika plastiki na kioo, ingawa sukari yake ya gundi bado anaitengeneza. Binamu yake S. epidermidis anatufundisha upande wa pili. Anatengeneza PNAG, kisha kimeng'enya kinachoitwa IcaB kinang'oa sehemu ndogo ya vikundi vya asetili kwenye mnyororo. Palipong'olewa panabaki chaji chanya, na chanya hiyo ndiyo inayoushika mnyororo kwenye seli yenye uso hasi. Ukiiondoa IcaB, sukari inaendelea kutengenezwa, lakini inaponyoka na kuishia kwenye mchuzi, na utando haujengeki. Jumla ya sukari haisemi mengi hapo. Kinachoamua ni vikundi vichache vya asetili.

Mtu akiniuliza "bakteria wangu ana sukari kiasi gani?", kwa hiyo, mimi huuliza kwanza ni ipi, ina chaji gani, imeshikwa kwenye seli au imeachiliwa, na ilitoka saa ngapi baada ya seli kutua. Pseudomonas aeruginosa ni mfano mzuri kwa kuwa ana tatu zinazojulikana sana. Psl imejengwa kwa manosi, glukosi na ramnosi, na hutumika mapema, seli inapotua. Pel ina chaji chanya na inajifunga na DNA iliyomwagika nje ya seli, ambayo ni hasi. Viwili hivyo hushikilia kiini cha utando. Aljineti ni hasi, inavuta maji, na ndiyo inayowafanya bakteria wa mapafu ya wagonjwa wa saistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi) waonekane wenye ute mwingi kwenye sahani. Kwa miaka mingi watu walidhani aljineti ndiyo nguzo ya kila utando wa Pseudomonas. Baadaye ikabainika kwamba aina mbili zinazotumika sana maabara, PAO1 na PA14, hujenga utando bila kuitegemea. Na PA14 hana hata Psl, anaegemea Pel. Spishi moja, maabara mbili, majibu mawili, na wote wanasema kweli.

Sasa ishara.

Inayotawala zaidi haitoki nje hata kidogo. Ni molekuli ndogo ya ndani ya seli, c-di-GMP, inayoundwa kwa kuunganisha molekuli mbili za GTP, malighafi ya kawaida ndani ya seli. Iligunduliwa na kundi la Moshe Benziman katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, na kuchapishwa mwaka 1987. Hawakuwa wakitafuta siri ya biofilamu. Walitaka kujua ni nini kinachokiwasha kimeng'enya kinachofuma selulosi katika bakteria wa siki. Naona inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu uhusiano wa ishara hii na sukari ulionekana tangu siku ya kwanza. Yote tunayojua kuhusu mijeledi (mikia ya kuogelea), sumu na mgawanyiko wa seli yalikuja baadaye.

Namna inavyofanya kazi kwenye selulosi sasa inaonekana kwa karibu sana. Kimeng'enya BcsA kimekaa ndani ya kiwambo. Kinapokea glukosi moja moja kutoka upande wa ndani na papo hapo kinausukuma mnyororo nje kupitia tundu lililo ndani yake chenyewe. Kikiwa kimelala, kipande cha protini kimeziba njia ya kuingilia malighafi. c-di-GMP ikijifunga pembeni, kipande hicho kinasogea, njia inafunguka, ufumaji unaanza. Hakuna jeni iliyosomwa, hakuna protini mpya iliyosubiriwa. Mtindo huu unajirudia: katika E. coli ishara hiyo hiyo inaziunganisha protini mbili, PgaC na PgaD, ambazo zikishikana ndipo PNAG inatoka. Katika Pseudomonas inaigusa PelD kwa ajili ya Pel na Alg44 kwa ajili ya aljineti. Kwa upande mwingine, ishara hiyo inajifunga kwenye protini YcgR, ambayo huenda kwenye mota ya mjeledi na kuipunguza mwendo. Molekuli moja inafungua sukari na kuzuia kuogelea.

Seli moja ya E. coli wa maabara ina protini karibu 30 za familia zinazoitengeneza au kuivunja c-di-GMP, na Pseudomonas ana kama 40. Wingi huo si wa bure. Kila moja inasikiliza jambo lake: oksijeni, virutubisho, mwanga, mguso. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya mchuzi au ya joto yanaweza kugeuza tokeo lako lote. E. coli na Salmonella wengi hutoa selulosi na nyuzi za kurli vizuri kwenye nyuzijoto 28 na kunyamaza kwenye 37. Hukuniandikia ulioteshea kwa joto gani. Liandike, tena liandike kwenye kichwa cha kila mchoro.

Mguso unastahili aya yake. Caulobacter crescentus, bakteria wa maji yasiyo na virutubisho vingi, hukaa sehemu kubwa ya maisha yake amejishikiza kwa tone dogo la sukari kwenye ncha ya mwili wake. Watafiti walipojaribu kumng'oa kwenye kioo kwa sindano laini, nguvu iliyohitajika ilikuwa kubwa kiasi kwamba gundi hiyo ikawekwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zinazojulikana kwa viumbe. Cha kuvutia zaidi ni muda. Seli changa inaogelea kwa mjeledi. Ncha yake ikigusa kitu kigumu na mjeledi ukikwama, sukari inatoka ndani ya sekunde chache. Mota iliyokwama imekuwa kihisio, na jibu lake ni gundi. Pseudomonas naye ana mfumo wa Wsp, unaohisi kwamba seli iko juu ya uso mgumu na kupandisha c-di-GMP. Kwa hiyo tunapozungumzia ishara tusiwaze kemikali tu. Kusukumwa na kukwama navyo ni habari kwa bakteria.

Ishara zinazotoka seli hadi seli ndizo zilizopata umaarufu. Bakteria hutoa molekuli ndogo, na zikijaa kiasi cha kutosha wote wanajua kwamba akidi imetimia. Jambo hili lilionekana kwanza miaka ya 1970 kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga, ambao huwaka wakiwa wengi na hukaa gizani wakiwa wachache. Kisha mwaka 1998 ikaonyeshwa kwamba P. aeruginosa asiye na ishara moja muhimu ya aina hiyo anajenga utando bapa, mwembamba, unaosombwa kwa sabuni, ilhali ndugu zake wa asili hujenga minara yenye njia za maji katikati. Tangu hapo wanafunzi wengi wameandika kwamba kuhisi akidi huwasha utando. Hapana. Kwa kipindupindu ni kinyume. Vibrio cholerae wakiwa wachache hutengeneza sukari yao ya VPS na kushikamana. Wakijaa, protini HapR inazima jeni za VPS na wanaachana. Ukifikiria maisha yake inaeleweka: bakteria anayejazana ndani ya utumbo hana faida kubwa ya kubaki ameganda, anataka kutoka nje na kuanza upya kwingine. S. aureus naye hutumia peptidi fupi ya mfumo wa agr, na akidi ikitimia hutoa vimeng'enya na viyeyushi vinavyovunja utando wake mwenyewe.

Kwa hiyo ukisoma kwamba ishara fulani "huongeza biofilamu", tafuta ilipimwa kwa bakteria gani na saa ya ngapi. Utando unaopimwa baada ya saa 6 unasimulia kutua. Wa saa 48 unasimulia pia kubomoka.

Mpaka hapa mpangilio unaonekana kuwa wa njia moja: mazingira yanatoa habari, ishara inapanda, sukari inatoka. Ningekuacha hapo ningekuwa nimekuficha sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo naamini ndiyo inayolihusu swali lako kwa karibu. Sukari yenyewe hurudi kuwa ishara.

Psl ndiyo ilifungua macho ya wengi. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba seli za Pseudomonas zikikutana na Psl iliyo nje, hata iliyotolewa na seli nyingine, c-di-GMP ndani yake inapanda, kupitia vimeng'enya viwili, SadC na SiaD. c-di-GMP ikipanda, Psl zaidi inatoka. Mduara umefungwa. Mwaka uliofuata, kundi jingine lilifuatilia seli moja moja kwa hadubini tangu zilipotua kwenye kioo. Kila seli iliyotambaa iliacha mstari wa Psl nyuma yake. Seli nyingine ikifika kwenye mstari huo ilielekea kubaki pale, na kuongeza mstari wake juu yake. Sehemu zilizopitiwa zaidi zikazidi kupitiwa, sehemu nyingine zikabaki tupu, na hatimaye rundo dogo la seli likaanza pale pale ambapo sukari ilikuwa nyingi. Hakuna seli iliyopanga ramani. Mahali pa rundo palichaguliwa na historia ya mapito, iliyoandikwa kwa sukari.

Bacillus subtilis anafanya jambo jingine. Miongoni mwa vimeng'enya vyake vya kujenga sukari ya utando kuna EpsE. Mwaka 2008 iligundulika kwamba EpsE, mbali na kazi ya kuunga sukari, huenda hadi kwenye mota ya mjeledi na kuitenganisha na nguvu inayoizungusha. Watafiti wenyewe waliifananisha na klachi ya gari: injini haijavunjwa, ila haivuti tena. Mjeledi unabaki, umelegea, unazungushwa tu na maji. Na ndani ya mfumo huo huo wa eps kuna protini inayohisi sukari ikiwa imekwisha kutoka, na kurekebisha utengenezaji wake. Mahali ambapo tungetegemea kukuta kiwanda na ofisi ya habari kando kando, tunakuta mfanyakazi mmoja.

Rudi sasa kwa E. coli wako, maana ana mduara wake. Asidi ya siali, tofali la kapsuli ya K1, ikiwa huru ndani ya seli hujifunga kwenye protini NanR. NanR ikishikwa hivyo, usomaji wa jeni ya fimB unashuka, na fimB ndiyo inayosaidia kuwasha fimbria za aina ya kwanza. Kwa maneno mengine, tofali la koti lina sauti katika uamuzi wa kunasa. Kwa hiyo ni muhimu sana kujua umekata wapi. Ukifuta neuB, asidi ya siali haitengenezwi kabisa. Ukifuta jeni za usafirishaji kama kpsM au kpsT, seli inaendelea kutengeneza mnyororo lakini hauwezi kutoka, unarundikana ndani. Wote wawili kwa nje hawana kapsuli, na kwenye tasnifu nyingi wangeitwa jina moja. Ndani ni seli mbili tofauti. Ningekuwa wewe ningetengeneza wote wawili na kuwalinganisha. Wakitoa tokeo moja, maelezo ya koti kuficha protini za kunasia yanapata nguvu, na wakitofautiana, umeshika uzi mpya.

Kwa atakayesoma hili akiwa na mutanti wa antijeni O au wa asidi ya kolani (sukari nyingine ya nje ya seli), tahadhari ni kubwa zaidi. Sukari hizo hujengwa juu ya lipidi mbebaji, undekaprenili-fosfati, ambayo pia inatumika kujenga ukuta wa seli, na haipo kwa wingi. Ukikata hatua ya mwisho ya njia hiyo, wabebaji wanakwama na mizigo isiyoshushwa, ukuta unakosa vifaa, seli inaingia kwenye taabu. Mfumo wa Rcs unaihisi taabu hiyo kwenye kiwambo, unawasha asidi ya kolani na kuzima mijeledi. Mtafiti anaona utando umebadilika na kuandika kwamba antijeni O inafanya hivi au vile, wakati alichokipima ni kilio cha seli iliyokwama. Katika Pseudomonas kuna ushindani wa aina hiyo kwenye malighafi: kimeng'enya AlgC kinalisha Psl, Pel, aljineti na lipopolisakaraidi kwa pamoja, hivyo njia moja ikivuta sana nyingine hupungukiwa. Kapsuli yako ya kundi la pili haipandi lipidi ile, jambo ambalo ni nafuu kwako.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, hakikisha rangi uliyoiona ni utando kweli. Kristali vayoleti, rangi ya kipimo hiki, inapaka seli hai, seli zilizokufa na sehemu ya ute bila kubagua. Chukua mirija miwili, mmoja wa seli za asili na mmoja wa mutanti, itikise, kisha iache wima mezani kwa saa kadhaa. Kama wa mutanti utakuwa angavu juu na seli zimetuama chini, antijeni 43 imefunguliwa na seli zinagandana. Mashapo hayo kwenye kishimo hupaka rangi vizuri sana hata kama hayajashika plastiki. Kwa hiyo itazame sahani kabla ya kuiyeyusha rangi. E. coli aliyeshika kweli mara nyingi huacha pete ya zambarau ukutani, pale hewa inapokutana na mchuzi. Mashapo huacha doa la chini, lenye kingo zisizoeleweka, linalopungua kila unaposuuza. Suuza mara nyingi zaidi ya unavyofanya sasa, na usuuze sahani nzima kwa namna moja. Pima pia ukuaji wa seli zenyewe, maana kapsuli ni mzigo, na mutanti aliyeutua anaweza kuwa amezidi tu kwa idadi.

Kisha rudisha jeni kwa plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachobeba jeni, uone kama rangi inarudi chini. Hilo ndilo litakalomtuliza msimamizi wako kuliko maelezo yoyote, na litajibu shaka ya sampuli kuchanganywa. Baada ya hapo ondoa antijeni 43 kwa mutanti huyo huyo. Rangi ikishuka hadi kiwango cha seli za asili, umepata sababu. Ikibaki juu, tumia lektini (protini zinazoshika sukari) zenye rangi ing'aayo kutazama sukari nyingine: ile ya ngano inashika asetili-glukosamini, kwa hiyo itakuonyesha PNAG. Kwa selulosi tumia rangi ya kalkoflua, ukikumbuka kwamba haishiki selulosi peke yake.

Kuhusu mipira ya mkojo. Kuna kimeng'enya, Dispersin B, kilichopatikana kwa bakteria wa kinywani, kinachokata PNAG na kulegeza utando wa bakteria wanaoitumia. Vipo vingine vinavyokata Psl na Pel, na DNase hukata DNA ya nje ya seli, hasa utando ukiwa mchanga. Vinavutia, na natamani vifike hospitalini, lakini vina mipaka miwili. Kila kimoja kinaijua sukari yake tu, na utando wa kwenye mpira wa mkojo mara nyingi una spishi zaidi ya moja. Halafu kukata gundi hakuui. Seli zinazoachiliwa zinarudi kwenye mkojo zikiwa hai, na mgonjwa mwenye njia ya mkojo iliyochubuka hawezi kulipishwa gharama hiyo. Kimeng'enya kinahitaji kuandamana na dawa inayoua, kwa wakati mmoja. Kupaka mpira sukari ya kapsuli ya kundi la pili ili bakteria wasitue kabisa ni wazo lililotokana na kazi ile ile ya 2006, na ningelipa kipaumbele kuliko kubomoa utando uliokwisha komaa, ilimradi itumike sukari isiyomsaidia bakteria kujificha mwilini.

Jambo moja la mwisho kwa ajili ya tasnifu. Usiandike kwamba kapsuli ya K1 huzuia utando. Katika kibofu cha panya, E. coli wa njia ya mkojo huingia ndani ya seli za kibofu na kujenga humo marundo yaliyoshikana, yanayofanana sana na utando, na utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba bila kapsuli ya K1 marundo hayo hayajengeki vizuri. Kwenye plastiki koti linazuia, ndani ya seli ya kibofu linahitajika. Andika basi uso gani, mchuzi gani, joto gani, saa ya ngapi, na jeni ipi hasa uliyoifuta. Na kama una nafasi ya kupata seli za kibofu za kuoteshea maabara, wajaribu mutanti wako wawili humo kabla hujafunga sura ya matokeo.